Maswali ya Wasomaji: Diski ya Ndani Inapounganishwa kwa USB

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja. Kompyuta imekufa au imestaafishwa, diski yake bado ipo, na mwenyewe anataka kuisoma kwa kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kupitia adapta ya USB. Kifaa chenyewe ni kidogo na kwa kawaida hakihitaji kusakinishiwa programu yoyote: ndani yake mna chipu inayopokea maagizo kutoka tundu la USB na kuyageuza yawe maagizo ambayo diski inayaelewa. Hata hivyo, nikizisoma barua hizi moja baada ya nyingine, naona kuwa lawama nyingi zinazotupiwa adapta, na wakati mwingine diski, zilistahili kuelekezwa kwenye umeme unaozilisha. Nimezifupisha barua ili zienee, na majina ya walioandika hayakuchapishwa.

Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Kompyuta yangu mpakato haiwaki tangu radi ilipopiga mtaani kwetu. Fundi amesema ubao mkuu umeungua, na kwamba picha za familia pamoja na hesabu za chama chetu cha akiba na mikopo zimekwenda nao. Je, ni kweli? (Morogoro)

Shikamoo, Mwalimu. Fundi wako anaweza kuwa amesema kweli kuhusu ubao, lakini si lazima awe amesema kweli kuhusu hesabu za chama. Katika kompyuta nyingi mpakato faili hazikai kwenye ubao mkuu. Zinakaa kwenye diski ambayo ni kipande kinachojitegemea, na radi inapopita kwenye chaja, mara nyingi ni saketi za umeme za ubao zinazopokea pigo la kwanza. Diski inaweza kuwa imedhurika pia, ila hilo halijulikani mpaka ijaribiwe, na kuijaribu hakuhitaji gharama kubwa.

Mwombe fundi achomoe chaja na betri, afungue mfuniko wa chini, kisha akuonyeshe diski. Ikiwa ni kisanduku bapa chenye upana wa karibu sentimita 7 na urefu wa sentimita 10, hiyo ni diski ya inchi 2.5. Ukingoni mwake utaona safu mbili za miguso ya shaba: nyembamba yenye miguso 7 kwa ajili ya data, na pana yenye miguso 15 kwa ajili ya umeme. Mpango huo unaitwa SATA, na adapta yake ni waya mfupi tu usio na chaja yake. Ikiwa badala yake kuna kipande chembamba kinachofanana na kadi ya kumbukumbu ya RAM, soma jibu nililompa msomaji wa Nairobi hapa chini. Ikiwa hakuna chochote cha kuchomoa, maana yake hifadhi imelehemewa kwenye ubao wenyewe, kama ilivyo katika kompyuta nyingi ndogo za bei nafuu na katika kompyuta mpakato za Apple za miaka ya karibuni. Hapo adapta haina msaada, na njia iliyobaki ni kuutengeneza ubao.

Diski ikishaonekana kwenye kompyuta nyingine ya Windows, fungua folda ya Users, kisha folda yenye jina ulilokuwa ukilitumia. Huenda ukaambiwa huna ruhusa ya kuifungua. Huko si kuharibika. Ni kwamba mfumo umezikuta faili zilizoandikwa kwa jina la mtumiaji ambaye kompyuta hiyo haimjui. Ukikubali kuendelea, kompyuta hubadilisha ruhusa za faili moja moja, kazi ambayo kwenye folda iliyojaa picha inaweza kuchukua muda mrefu, nawe usiikatize. Nakili hesabu za chama kwanza, picha zifuate.

Kuna kikwazo kimoja zaidi. Kompyuta nyingi zilizokuja na Windows 10 au 11 hufunga diski kwa BitLocker, yaani usimbaji wa Windows wenyewe, bila mwenyewe kutambua, na diski hiyo ikichomekwa kwingine hudai ufunguo wa tarakimu 48. Aghalabu ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika siku kompyuta ilipowashwa mara ya kwanza, basi ingia kwenye akaunti hiyo kupitia simu na uutafute. Pasipo ufunguo, hakuna adapta wala fundi atakayezifungua faili hizo.

Bwana mhariri, nina waya wa SATA kwenda USB unaosoma diski ya kompyuta mpakato bila taabu. Nimeuchomeka kwenye diski kubwa iliyotoka kompyuta ya mezani, umeingia barabara na taa inawaka, lakini kompyuta haioni kitu na diski haitoi hata mlio. Aliyeniuzia anasema diski imekufa. (Mombasa)

Usiitupe. Waya umeingia kwa sababu umbo la plagi ni moja kwa diski zote mbili. Kinachotofautiana ni umeme unaohitajika. Diski ya inchi 2.5 hutumia volti 5 peke yake, lakini diski ya inchi 3.5, ambayo ndiyo uliyo nayo, hutumia volti 5 kwa saketi zake na volti 12 kwa mota inayozungusha sahani zinazobeba data. Tundu la kawaida la USB hutoa volti 5 tu. Kwa hiyo saketi za adapta yako zinapata chakula na taa inawaka, ilhali mota ya diski haipati chochote, na diski isiyozunguka haiwezi kujitambulisha kwa kompyuta.

Unachohitaji ni adapta yenye chaja yake inayotoa volti 12, na kwa diski moja kiwango kinachofaa ni ampea 2. Ukitazama lebo ya diski utaona namba ndogo zaidi, pengine nusu ampea kwenye volti 12, na wauzaji wengine hutumia namba hiyo kukuuzia chaja hafifu. Namba ya lebo haikuonyeshi mahitaji ya sekunde chache za mwanzo, wakati mota inapoziondoa sahani katika hali ya kusimama, ambapo diski nyingi hukaribia ampea 2. Chaja isiyomudu huifanya diski ianze kuzunguka, izimike, ianze tena, na mwenye nayo huamini kuwa diski ni mbovu. Kama una kompyuta ya mezani inayofanya kazi, unaweza kuhakikisha kwa kuichomeka diski humo moja kwa moja.

Hapa sina budi kutoa onyo, kwa sababu kosa hili huua diski nzima papo hapo. Chaja za kompyuta mpakato nyingi hutoa volti 19 au zaidi, na vichwa vyake vya duara mara nyingi huingia sawasawa kwenye adapta ya diski. Kuingia si ruhusa. Soma maandishi ya chaja, uone volti 12 na alama inayoonyesha kuwa chanya iko katikati, ndipo uichomeke. Jambo la aina hiyo hiyo hutokea kwenye plagi nyeupe ya pini 4 iliyomo katika adapta za zamani: pembe zake mbili zimekatwa ili isiingie kinyume, lakini plagi laini ikisukumwa kwa nguvu huingia, na hapo volti 12 hufika mahali pa volti 5. Diski ikiungua hivyo, fundi wa elektroniki mwenye uzoefu aangalie kwanza diodi za kinga zilizo karibu na sehemu ya kuingilia umeme kwenye ubao wa diski, kwa maana zimewekwa ili ziungue kabla ya vingine, na wakati mwingine kuiondoa iliyoungua kunatosha kuifufua diski kwa muda wa kunakili.

Kuna na jambo la umeme wa nyumbani kukatika, ambalo maelekezo yanayokuja ndani ya boksi hayalitaji. Ukikatika katikati ya kunakili, kompyuta yako mpakato itaendelea kwa betri kana kwamba hakuna kilichotokea, lakini diski ya inchi 3.5 itazimika mara moja kwa kuwa chaja yake imo ukutani. Ikiwa ulikuwa ukisoma kutoka kwenye diski hiyo, hasara ni muda. Ikiwa ulikuwa ukiandika juu yake, unaweza kuharibu faili au hata orodha ya faili zote. Mahali ambapo umeme hauaminiki, iunganishe chaja ya diski kwenye UPS, kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, hata ndogo.

Na kwa kuwa umenieleza kuhusu waya wako wa kwanza, nao una mipaka yake. Tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900, ilhali diski za inchi 2.5 zenye sahani zinaweza kuhitaji karibu ampea nzima zinapoanza. Kompyuta nyingi hutoa zaidi ya kiwango, ndiyo maana mambo huenda. Kigawanyi cha USB kisicho na chaja yake hugawa umeme wa tundu moja kwa vifaa vyote, nacho hakifai kwa kazi hii.

Assalaam alaykum. Ofisini kwetu kuna diski za kale za IDE, mpango uliotangulia SATA, zenye kumbukumbu za miaka mingi. Nimenunua adapta yenye midomo mitatu, lakini diski inazunguka na haionekani. (Unguja)

Waalaykum salaam, dada yangu. Diski ikizunguka maana yake umeme umefika, basi tazama jampa, kile kipande kidogo cha plastiki kilicho kati ya plagi ya data na ya umeme. Iweke mahali palipoandikwa Master (diski ya kwanza) kwa kufuata mchoro wa kwenye lebo, kwa sababu adapta nyingi haziioni diski iliyowekwa Slave (ya pili). Unganisha diski moja tu kwa wakati mmoja hata kama midomo ni mitatu, na washa umeme wa diski kabla ya kuchomeka USB.

Mdomo mkubwa wa pini 40 ni wa diski za inchi 3.5, ule mdogo wa pini 44 ni wa diski za kompyuta mpakato, ambazo hupata umeme kupitia pini zake za mwisho. Katika hizo ndogo uwe mwangalifu, maana kando ya safu kuu kuna pini 4 nyingine za jampa, na adapta ikichomekwa huku imesogea kuelekea upande huo, umeme huingia pasipostahili. Ukikuta pini imepinda, inyooshe taratibu kwa ncha ya bisibisi ndogo. Usijaribu kuisukuma ikanyooke yenyewe.

Nimenunua kasha la USB la M.2 kwa ajili ya SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, iliyotoka kwenye kompyuta mpakato. Kila kitu kimekaa vizuri na skrubu imefungwa, lakini hakuna kinachoonekana. (Nairobi)

M.2 ni jina la umbo, na ndani ya umbo hilo kuna aina mbili za diski zisizoelewana: za SATA na za NVMe. Kasha la NVMe haliisomi diski ya SATA, na la SATA haliisomi ya NVMe, ijapokuwa zote zina upana wa milimita 22 na nyingi zina urefu wa milimita 80. Mafundi hutazama mapengo ya kwenye miguso: diski yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA, yenye pengo moja upande wa miguso mitano ya pembeni kwa kawaida ni NVMe. Nasema kwa kawaida, kwa kuwa zipo NVMe zenye mapengo mawili, basi lebo ya diski na namba ya modeli ndizo za kuaminiwa. Ukitaka kasha moja la kazi zote, tafuta lililoandikwa kuwa linakubali SATA na NVMe pamoja. Chipu ya Realtek RTL9210B, kwa mfano, hufanya hivyo.

Kuhusu mwendo, makasha mengi ya NVMe yana USB ya gigabiti 10 kwa sekunde, ambayo kwa matumizi halisi hukaribia megabaiti 1,000 kwa sekunde, lakini ukilichomeka kwenye tundu la USB 2.0 utapata kati ya 30 na 40 tu hata diski iwe ya bei gani. Kasha likipata joto kali wakati wa kunakili faili kubwa, usishtuke. Diski za NVMe hujipunguzia mwendo zenyewe ili zipoe.

Duka letu liliibiwa, nasi tukaitoa diski ya mashine ya kurekodia kamera ili tutazame picha kwenye kompyuta. Windows inasema lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Tukubali? (Tanga)

Msikubali, na poleni sana. Maneno hayo ya Windows ni ya hatari kuliko yote katika habari hii, kwa sababu yameandikwa kama agizo ilhali maana yake ni moja tu: Windows haiufahamu mpangilio wa faili ilioukuta. Mashine za kurekodia kamera huandika kwa mifumo ya Linux au kwa mpangilio wa kiwanda chake, na Windows haisomi vyote viwili. Irudisheni diski kwenye mashine ileile, chomekeni fleshi kwenye tundu la USB la mashine hiyo, kisha tumieni menyu yake kutoa kipande cha saa mnazozitaka. Kama mashine nayo imeibiwa, tafuteni ya modeli ileile, na ikiwauliza kama iiandae diski mpya, jibuni hapana.

Msomaji mwingine aliyekutana na maneno hayo azingatie ilikotoka diski. Iliyotoka kwenye kompyuta ya Apple au ya Linux haina kasoro. Isomwe kwenye kompyuta ya aina yake. Iliyotolewa ndani ya diski ya nje ya dukani inaweza kuwa ilisimbwa na chipu ya kasha lake la awali, nayo ikiondolewa humo huonekana kama takataka tupu, basi irudishwe kwenye kasha lile. Yapo pia makasha yanayoiambia kompyuta kuwa sekta, yaani vipande vidogo ambamo diski hugawa data, zina baiti 4,096 badala ya 512 ili diski zaidi ya terabaiti 2 ikubalike na mifumo ya zamani, na diski iliyofomatiwa humo ikihamishiwa adapta ya kawaida hudaiwa kufomatiwa upya ingawa faili zake ni nzima.

Ikiwa hakuna lolote kati ya hayo, na diski ilikuwa ya Windows tangu awali, ndipo tuseme jedwali la faili limeharibika. Hatua ya kwanza ni kuinakili diski yote, sekta kwa sekta, kwenda diski nyingine yenye ukubwa usiopungua wake, na programu ya ddrescue ya Linux ni nzuri kwa kazi hiyo kwani huyavuka maeneo mabovu na kuyarudia mwishoni. Kisha TestDisk au PhotoRec, ambazo hutolewa bure, zitumike juu ya nakala hiyo, na asili iwekwe kando.

Diski yangu ikiunganishwa kwa adapta inagonga tik, tik, tik. Nimeambiwa niigandishe kwenye friza. (Mwanza)

Jaribu mara moja tu kwa chaja nyingine iliyo nzima, kwa sababu umeme hafifu nao huleta mlio wa kuanza na kusimama. Ikiendelea kugonga, izime na usiiwashe tena: huenda vichwa vya kusomea vimeharibika, na kila mzunguko unaweza kuzikwaruza sahani zenye data. Friza huleta unyevu juu ya sahani, nao ni madhara mapya. Kuifungua nyumbani huingiza vumbi. Kubadilisha ubao wake kwa wa diski nyingine inayofanana nako mara nyingi hakusaidii, maana katika diski za miaka mingi sasa kila ubao hubeba vipimo vya diski yake pekee. Kama faili hizo zina thamani, mpelekee mtaalamu wa kuokoa data mwenye chumba kisicho na vumbi, na gharama yake mkubaliane kabla hajaanza.

Nanunua diski zilizotumika ili niziuze tena. Naweza kuzipima sokoni kwa adapta? (Arusha)

Unaweza, na ni busara kuliko kuamini lebo mpya iliyobandikwa. Beba kompyuta mpakato, adapta yenye chaja yake, na programu ya CrystalDiskInfo kwa Windows, au smartmontools kwa Linux, ambazo husoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe hujiandikia. Si kila chipu ya adapta hupitisha kumbukumbu hizo. Kwenye Linux, amri ya smartctl wakati mwingine huhitaji kuongezewa maneno -d sat. Kabla ya kununua adapta kwa kazi hii, ijaribu kwa diski unayoijua.

Kila kipimo katika kumbukumbu hizo kina namba yake. Namba 9 huonyesha saa ambazo diski imewaka, nawe ukumbuke kuwa mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760. Saa nyingi peke yake hazinitishi, maana diski ya seva iliyokaa penye ubaridi inaweza kuwa nzima kuliko ya kompyuta mpakato iliyoangushwa. Ninazozitazama zaidi ni namba 5, inayohesabu sekta zilizobadilishwa, na 197 na 198, zinazohesabu zile zinazoshukiwa na zilizoshindikana kusomeka. CrystalDiskInfo huziandika kwa heksadesimali, yaani 05, C5 na C6. Hizi mbili za mwisho zisipokuwa sifuri, usiinunue kwa bei yoyote, hata muuzaji akikuonyesha kuwa inafunguka.

Namba 199, au C7, ni habari nyingine, kwa kuwa huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kile ilichounganishwa nacho, nayo hairudi nyuma kamwe. Nakili faili ya gigabaiti kadhaa kisha uitazame tena. Ikiwa imesimama palepale, hayo ni makosa ya kebo ya zamani na hayapunguzi ubora wa diski. Ikiwa inapanda mbele ya macho yako, ijaribu diski kwa adapta nyingine kabla ya kumrudishia muuzaji mali yake.